Tusiisingizie volkano: makaburi ya kanisa hupotea ofisini kwanza

Ukiuliza mjini Goma, mashariki mwa Kongo, makaburi ya zamani ya kanisa yalikwenda wapi, jibu huja kabla hujamaliza swali: volkano. Ni jibu lenye nguvu. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita juu ya njia ya ndege, ikakata katikati ya mji na kumwagikia ziwani Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea, zikabaki kuta bila paa. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji ilifunikwa. Baada ya hapo, nani angeuliza habari za msalaba wa mbao?

Jibu hilo ni rahisi mno. Lava hufunika, haichimbi. Maiti aliyelazwa mita moja na nusu chini haondoki kwa sababu jiwe la moto limepita juu yake: udongo na majivu hupitisha joto polepole, na lava ikishapoa kaburi limefungwa kuliko fundi yeyote wa simenti angelifunga. Vinavyoteketea ni vya juu ya ardhi: msalaba, uzio, misipresi ya pembeni, na jiwe la mpaka lililowekwa na mpimaji. Makoro, yaani mawe ya lava, yakishapoa, mtu anakuja na nyundo kusawazisha mahali pa nyumba, mpimaji anarudi kugawa paseli za viwanja, na hakuna alama hata moja ya kuwaambia kwamba hapa wamelala watu. Mwenye duka aliyefunikiwa duka lake alirudi na hati mkononi, akadai nafasi yake juu ya jiwe. Wafu hawana mkono wa kushika hati. Wa kuwashikia alikuwa parokia, na parokia ina kitabu.

Hoja ya makala hii ni kwamba makaburi ya kanisa mjini hupotea ofisini kwanza, ardhini baadaye. Siku tingatinga linapofika, kazi ya kuyafuta huwa imeshakwisha zamani.

Mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote uko Paris. Makaburi ya Saints-Innocents yalikuwa ubavuni mwa soko la Les Halles, katikati kabisa ya mji. Mfalme Philippe Auguste aliyazungushia ukuta mwaka 1186. Parokia karibu ishirini zilizika humo, pamoja na hospitali ya Hôtel-Dieu. Maskini hawakupata kaburi la peke yao. Lilichimbwa shimo kubwa, likapokea maiti hadi likajaa, mengine yakipokea hata elfu moja na mia tano, kisha likafunikwa na kuchimbwa jingine. Mifupa ya zamani iliyotolewa kuwapisha wapya ilipangwa darini mwa vibaraza vilivyozunguka uwanja. Kwa karne sita ardhi ilizidi kuinuka, hata ikawa juu ya barabara za jirani kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 1765 mahakama kuu ya Paris iliamuru makaburi yahamishiwe nje ya mji, amri ikabaki karatasi. Kisha, tarehe 30 Mei 1780, ukuta wa ghala la chini ya nyumba katika mtaa wa Lingerie ulishindwa na uzito wa shimo la jirani, ukabomoka, maiti zikamwagikia ndani. Mwaka huohuo makaburi yakafungwa.

Kuyahamisha kulianza Desemba 1785 na kumalizika Oktoba 1787. Kazi ilifanywa usiku. Mikokoteni iliyofunikwa nguo nyeusi ilibeba mifupa hadi machimbo ya zamani ya mawe kusini mwa mji, mapadre wakifuata nyuma wakiimba sala za wafu. Machimbo yenyewe yalikuwa yamebarikiwa tarehe 7 Aprili 1786. Daktari Thouret na mkemia Fourcroy walikagua kilichotoka, wakakuta jambo ambalo kila anayesimamia makaburi ya mjini angepaswa kulijua. Watu wa Paris waliamini kwamba udongo wa Innocents hula maiti kwa siku chache tu. Chini ya mashimo yaliyoshindiliwa, ukweli ulikuwa kinyume: nyama haikuoza, ilikuwa imegeuka kitu cheupe chenye mafuta, kama sabuni. Fourcroy alikipa jina, adiposiri. Sababu yake ni kukosa hewa pamoja na unyevu mwingi. Kaburi likijazwa kupita kiasi linaacha kufanya kazi yake.

Kufikia 1789 mahali pale palikuwa soko la mboga. Chemchemi ya Innocents bado ipo hadi leo, na watu hukaa kando yake wakinywa kahawa. Mifupa iko chini ya ardhi, pamoja na ya makaburi mengine yaliyofungwa baadaye, jumla ya watu wapatao milioni sita kwa hesabu inayotajwa siku zote. Imepangwa kwa ustadi, mapaja kwa mapaja, mafuvu kwa mafuvu, na vibao vinataja makaburi ilikotoka. Mtu mmojammoja hatajwi. Paris ilihamisha mifupa, ikapoteza watu. Wengi huusifu uhamisho ule kama kazi safi ya uhandisi, nami nakubali kuhusu uhandisi.

Kwa nini mtu wa Goma ajali habari za Paris? Kwa sababu kutokana na harufu ya makaburi yale ilizaliwa sheria, na sheria ile iliwalea watu waliopanga miji yetu. Dikrii, yaani amri, ya Napoléon ya tarehe 12 Juni 1804 ilifanya kazi Ufaransa, na pia Ubelgiji, ambako iliendelea kutumika hadi sheria mpya ya tarehe 20 Julai 1971. Mbelgiji aliyechora ramani ya mji wa koloni la Kongo alikuwa amekua ndani yake. Ilikataza kuzika ndani ya makanisa na ndani ya mji. Ilitaka makaburi yawe mita 35 hadi 40, angalau, kutoka mpaka wa mji, mahali pa juu, yakielekea kaskazini, yenye ukuta wa mita mbili na miti isiyozuia hewa kupita. Kila maiti na kaburi lake: kina cha mita 1.5 hadi 2, upana sentimita 80. Kati ya kaburi na kaburi, sentimita 30 hadi 40 ubavuni, 30 hadi 50 kichwani na miguuni. Kaburi lisifunguliwe kwa maiti mwingine kabla ya miaka mitano. Makaburi yakifungwa, yakae miaka mitano bila kuguswa. Baada ya hapo yanaweza kukodishwa kwa kupanda mbegu au miti tu: hakuna kuchimba, hakuna msingi wa nyumba, hadi itolewe amri nyingine.

Chukua namba hizo uzipeleke kwenye kiwanja cha parokia. Kaburi la mtu mzima lina urefu wa mita mbili. Ongeza nafasi za pembeni, upate mita 1.2 kwa 2.5, yaani mita tatu za mraba kwa kila maiti. Hekta moja ingechukua makaburi 3,333 kama watu wangezikwa bila njia ya kupita. Toa theluthi moja kwa njia, ukuta na miti, yanabaki kama 2,200. Parokia inayozika watu mia kwa mwaka itajaza hekta hiyo kwa miaka 22. Na ndiyo maana kanuni ya miaka mitano ilitungwa: yenye kufungua makaburi kwa zamu ingehitaji mita za mraba 1,500 tu za makaburi, au karibu robo ya hekta ukiongeza njia zake. Hesabu ni nzuri kwenye udongo wa Ubelgiji. Goma inaikataa.

Inaikataa kwa sababu mbili. Kwanza ni jiwe lenyewe. Lava iliyopoa ina ganda gumu juu, nyufa katikati, na pengine uwazi chini yake. Mchimbaji anaanza na mtaimbo na nyundo kubwa, anapiga kwenye ufa, jiwe linatoka kwa mapande. Ule ukuta mwembamba wa sentimita 30 kati ya makaburi mawili hausimami, unabomokea kwa jirani. Kwa hiyo lazima aache nafasi kubwa, au anachimba kifupi. Wengi wanachimba kifupi, kisha kimo kinachokosekana wanakijenga juu kwa mawe na simenti. Kaburi la namna hiyo lina matatizo yake: nyufa za jiwe hupitisha harufu na nzi, na maji ya mvua huteremka moja kwa moja bila kuchujwa na udongo. Dawa yake inajulikana na mafundi, ingawa huachwa kwa haraka ya mazishi: tandika udongo laini au majivu ya volkano angalau sentimita 30 chini ya jeneza, shindilia mwingine pembeni, ndipo urudishe mawe juu. Mawe yakirudishwa moja kwa moja juu ya mbao, jeneza huvunjika mapema, kaburi linabonyea na bamba la simenti linapasuka katikati. Na chokaa, ambayo watu humwagia wakidhani inaharakisha, hupunguza harufu tu. Kwa kuoza, inachelewesha.

Pili ni misiba iliyopita kiasi. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika, kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 kwa muda wa wiki chache, na jeshi la Ufaransa lilichimba mashimo ya pamoja kwa tingatinga kwa sababu jiwe lilishinda sururu. Ebola ilipofika mjini Julai 2019, maiti wa ugonjwa huo walifungwa ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na maiti wa ndani ya mfuko hamalizi miaka mitano akawa mifupa. Januari 2025 mapigano yalijaza vyumba vya maiti, watu wakazikwa kwa haraka mahali palipopatikana. Katika kila msimu wa aina hiyo, anayeandika majina ndiye wa kwanza kuzidiwa.

Tuje sasa kwenye karatasi. Hapo ndipo wasomaji wengi wanaposhangaa.

Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, namba 73-021, iliyorekebishwa mwaka 1980, ina kifungu cha 55 ambacho kila mtetezi wa makaburi hukitaja: ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya umma haiwezi kupewa mtu hadi iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kwa Kifaransa cha ofisini ni désaffectation, na kwa makaburi ya serikali kifungu hicho ni ngao kweli. Makaburi ya kanisa, kwa kawaida, hayako chini ya ngao hiyo. Yako ndani ya kiwanja cha misheni, na kiwanja cha misheni ni ardhi ya serikali iliyotolewa kwa shirika. Sheria hiyohiyo inampa haki ya milele mtu binafsi Mkongomani peke yake. Shirika, hata likiwa la Mungu, linapata haki ya kawaida, yenye kikomo cha muda, na ile inayofaa kwa ardhi tupu, amfiteosi, haizidi miaka 25. Inaweza kufanywa upya, kwa masharti: kodi ilipwe, na kiwanja kiendelezwe. Mkaguzi akipita, makaburi yenye majani marefu yanafanana sana na kiwanja kisichoendelezwa.

Ongeza historia. Vikaria ya Kikatoliki ya Goma, hatua ya kabla ya jimbo, iliundwa tarehe 30 Juni 1959, ikawa jimbo Novemba mwaka huohuo. Kila misheni iliyoanzishwa na shirika la wamisionari kabla ya hapo ilipaswa kubadilishiwa jina la mwenye hati. Hati ya nyumba ya mapadre na ya shule hufuatiliwa, kwa kuwa kuna paa la kuezeka na mwalimu wa kulipa. Ya pembe yenye makaburi hukaa mwisho wa foleni. Mtu mwingine akitangulia na kupata cheti cha usajili, kifungu cha 227 kinampa ulinzi: miaka miwili ikishapita, cheti hakigusiki, na anayelalamika anaweza kudai fidia tu. Miaka miwili ni muda mfupi kuliko ule ambao dikrii ya 1804 iliutaka kabla ya kupanda mchicha.

Sheria ya Kanisa nayo ina mlango wake wa nyuma. Kanuni ya 1241 inaruhusu parokia kuwa na makaburi yake. Kanuni ya 1212 inasema mahali patakatifu hupoteza baraka yake pakiharibiwa sehemu kubwa, au pakigeuzwa kwa matumizi ya kawaida moja kwa moja, ama kwa amri ya askofu ama kwa matendo tu. Kwa matendo tu! Maana yake, mama anayelima mahindi pale miaka nenda rudi bila kuzuiwa anaweza kuondoa baraka ambayo askofu hajawahi kutia saini kuiondoa. Simlaumu mama huyo, kwa sababu alikuta ukuta umeshaanguka.

Na ukuta una namna yake ya kuanguka, kwani Goma jiwe ni mali. Makaburi yanajaa, padre anawaambia waamini waende kwenye makaburi ya manispaa. Mazishi yakikoma, watu wa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, nao wanakoma kufyeka. Mawe ya ukuta yanaondoka moja moja kwenye chukudu, pikipiki ya mbao ya kusukuma, misalaba ya chuma inaishia kwa wauza vyuma chakavu, ile ya mbao inakuwa kuni. Njia ya mkato inapita katikati, halafu goli mbili za mpira. Paroko anahamishwa, mwingine anakuja ambaye hakumzika mtu hata mmoja pale. Shefu wa avenue anaulizwa na mnunuzi kama kiwanja kina mwenyewe, anajibu kwa uaminifu kabisa kwamba tangu afike hajamwona. Katika mfuatano wote huo hakuna mwizi mkubwa.

Ndiyo maana naona kelele dhidi ya wauza viwanja, ingawa ni za haki, zinakuja kwa kuchelewa. Kazi ya kwanza ni kitabu. Kanisa Katoliki limeagiza kitabu cha wafu tangu Ritwali, kitabu chake cha ibada, ya mwaka 1614, na kanuni za 535 na 1182 za sasa zinakidai bado. Kila mstari una namba, jina, umri, siku ya kufa, sakramenti alizopewa, siku na mahali pa kuzikwa, sahihi ya padre. Katika vitabu vya zamani vya misheni utakuta Kilatini: sepultus est in coemeterio, amezikwa makaburini. Tatizo ni hapo hapo. Padre aliandika "makaburini" kwa kuwa yalikuwa moja tu na kila mtu aliyaona kutoka mlango wa kanisa. Hakuandika safu wala namba ya kaburi. Kitabu kinakupa mtu bila mahali, ardhi inakupa mahali bila mtu. Makanisa ya Kiprotestanti, ambayo hayana kanuni ya namna hiyo, mara nyingi yana daftari la mashemasi, na wakati mwingine daftari hilo linaeleza mahali vizuri zaidi, kwa sababu shemasi ndiye aliyesimama na wachimbaji.

Anayetaka kuyatafuta makaburi yaliyopotea aanze na kitabu hicho, ahesabu mazishi mwaka kwa mwaka, azidishe kwa mita tatu za mraba. Atajua anatafuta eneo la ukubwa gani. Watu 400 ni kama mita za mraba 1,200, karibu nusu ekari ukiongeza njia. Kisha aombe ramani ya kadasta, ofisi ya vipimo vya ardhi, na picha za zamani za angani, aweke juu yake ramani ya mtiririko wa lava ya 2002, ambayo wanasayansi wa volkano wa Goma wanayo. Hapo ndipo atajua kama atembee juu ya udongo au juu ya jiwe jipya.

Penye udongo, kaburi la zamani huonekana kama shimo bapa, urefu wa mita mbili, upana wa chini ya mita moja: jeneza lilibonyea, udongo ukafuata. Alasiri, jua likiwa chini, vivuli huyaonyesha vizuri kuliko saa sita. Baada ya mvua majani ya juu yake huwa mabichi kuliko ya jirani. Shimo moja si ushahidi, linaweza kuwa la mzizi au la taka. Safu ya mashimo yenye mwelekeo mmoja ndiyo ushahidi. Penye makoro ya zamani ambayo hayakufunikwa, tafuta mafungu ya mawe yenye kingo kali yaliyopangwa kwa nafasi sawa, kwa kuwa jiwe lililopasuliwa na nyundo halifanani na lililopasuka lenyewe. Misipresi iliyopandwa kwa mstari nayo haikujipanda.

Hapa Kivu kuna tahadhari ambayo vitabu vya Ulaya havina. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu wa 1993 hadi 2003 ilitaja matukio mazito 617 nchini Kongo, na mengi yaliacha makaburi. Mifupa iliyoonekana kwenye msingi wa nyumba inaweza kuwa ya mkristo aliyezikwa kwa ibada mwaka 1950, na inaweza kuwa ushahidi wa mauaji. Dalili zinatofautiana: maiti wa parokia amenyooka chali, ana misumari ya jeneza pande zote, pengine rozari shingoni, na jirani yake amelala mwelekeo uleule. Waliotupwa wamerundikana, mikono na miguu huku na huku. Lakini kutofautisha si kazi ya fundi mwashi. Mfupa wa kwanza ukionekana, sepetu inawekwa chini, picha zinapigwa bila kuugusa, anaitwa ofisa wa polisi wa mahakama pamoja na parokia. Kurudishia udongo kimyakimya ili kazi isisimame ndilo kosa la kawaida zaidi, nalo linaharibu kesi na kumbukumbu kwa pigo moja.

Ikiamuliwa kuhamisha, kazi ifanywe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, udongo ukiwa mkavu na unaachia mfupa. Sanduku moja kwa mtu mmoja. Mfupa wa paja la mtu mzima ni kama sentimita 45, kwa hiyo sanduku la 60 kwa 30 kwa 30 linatosha bila kuvunja kitu. Udongo wa kila kaburi upitishwe kwenye chekecheke la matundu ya milimita tano, la sivyo watoto wachanga watabaki wote nyuma: mifupa yao ni kama ya ndege, na sepetu haiioni. Anayehesabu mafuvu tu atapata watu wachache kuliko waliozikwa. Namba iandikwe ndani ya sanduku na nje yake, kwa sababu lebo ya nje ndiyo hudondoka.

Uingereza ilizuia ujenzi juu ya makaburi yaliyofungwa kwa sheria ya mwaka 1884, isipokuwa kupanua kanisa, na bado miradi ya reli ilipata ruhusa yake. Makaburi ya St James kando ya stesheni ya Euston, London, yalitumika kati ya 1788 na 1853, yakageuzwa bustani, baadhi yake yakamezwa na stesheni. Wachimbuaji walipoyafungua kwa ajili ya reli mpya, walikuta maelfu ya watu, wengi bila jina. Januari 2019 walimkuta nahodha Matthew Flinders, mchora ramani wa pwani ya Australia, aliyekufa 1814. Hawakumtambua kwa mfupa wala kwa jiwe la juu, ambalo lilikuwa limeondolewa zamani. Walimtambua kwa kibati cha madini ya risasi kilichowekwa juu ya jeneza, herufi zake zikisomeka baada ya miaka mia mbili. Julai 2024 alizikwa upya kijijini kwao, Donington.

Kibati kama hicho hakihitaji risasi. Mafundi wanaofua majiko na masufuria kutoka vyuma chakavu mjini hapa wanaweza kukata bamba la aluminiamu la sentimita 10 kwa 15 kwa dakika chache. Kinachoharibu ni uzembe mdogo: rangi ya mafuta hufutika, bati la kuezekea huliwa na kutu, na aluminiamu yenyewe huliwa na simenti mbichi, kwa hiyo kibati kikae juu ya kifua ndani ya jeneza, si kwenye zege la juu. Juu, jina lichongwe kwenye jiwe. Parokia nayo ipime pembe nne za makaburi kwa GPS na kuzituma kadasta. Simu hukosea mita tatu hadi tano, kwa hiyo pembe zipimwe kwa simu, makaburi kwa utepe kutoka kwenye pembe. Nakala moja ya kitabu ikae nje ya Goma, kwa mfano katika jimbo la jirani, mahali ambapo Nyiragongo haifiki. Na kwenye kibati: jina, mwaka wa kuzaliwa kama unajulikana, mwaka wa kufa, kisha namba ya mstari katika kitabu cha wafu, herufi zikigongwa kwa msumari upande usiogusa sanda.